Kumwonyesha Mama Mkwe Simba

Mimi ni mwoga, na nimekuwa hivyo tangu utotoni. Naogopa ziwa, naogopa mbwa, naogopa radi, na nikipanda yale mawe makubwa ya mjini kwetu Mwanza hutambaa kwa mikono na miguu hata kama wenzangu wanacheza karata palepale juu. Kwa hiyo walionijua walicheka sana nilipoanza kazi ya kuwapangia watalii safari. Lakini ilikuwa miaka ya tisini, ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa kwa kila mtu. Nilikuwa nimepunguzwa kazini kwenye ofisi moja ya pamba, kila mtu anajaribu lolote lililo mbele yake, na mfanyabiashara mmoja mwenye Landrova mbili na chumba nyuma ya duka la vipuri alinichukua kwa sababu nilijua kuchapa na Kiingereza changu kilieleweka.

Kazi yenyewe niliipenda, kwa kuwa niliifanya nikiwa nimekaa. Mgeni akija namwandikia ratiba: kwanza mawe ya ufukweni na picha zake, kisha boti hadi kisiwa cha Saanane, kesho yake Bujora kwenye makumbusho, akaone ngoma za watemi na viti vyao, halafu lango la Ndabaka, aingie Serengeti alale huko. Niliwaeleza Wazungu habari za simba kwa sauti ya mtu aliyekua nao nyumba moja. "Ukikutana naye usikimbie," niliwaambia. "Simama, mtazame." Mimi mwenyewe sikuwahi kuvuka lango lile.

Kuliko vyote nilivyoviogopa, nilimwogopa mama mkwe wangu.

Si kwamba alikuwa mkali. Alikuwa mjane mpole wa huko nyuma ya Kisesa, analima mihogo na mpunga, na sauti yake haikuvuka ua. Lakini sisi Wasukuma tulilelewa kwamba mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawagusani hata vidole, hawalali chini ya paa moja. Nikienda kumsalimu, nilisimama nje nimegeukia zizi, nikasema shikamoo mama, naye akaitikia marahaba akiwa ndani amegeukia ukuta. Tukikutana njiani mimi nakohoa, yeye anajifunika kitenge usoni, anatoka njiani na kuingia majanini, ananipa mgongo mpaka nipite. Baba yangu aliniambia, siku chache kabla ya harusi, kwamba anayemgusa mama mkwe ngozi humbabuka. Nilikuwa nimesoma, nilivaa tai kazini, na niliamini kila neno.

Siku moja mke wangu alirudi kutoka hospitali, alikokuwa amempeleka mama yake, akakaa jikoni kwetu Igogo bila kuvua viatu. Alisema mama ana presha ya macho. Anaona kwa katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye ufa wa mlango, na ule ufa unazidi kuzibwa. Daktari amesema kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki huenda kisivuke masika.

"Amelia?" niliuliza.

"Hajalia. Amesema anataka kumwona simba."

Nikadhani nimesikia vibaya. Mke wangu akaeleza kwamba mama yake alipokuwa mdogo, walikaa upande wa porini zaidi, na simba walikuwa wakinguruma karibu na zizi karibu kila kiangazi. Baba yao aliweka gogo mlangoni, watoto wakasukumwa chini ya kitanda. Miaka yote ile alimsikia, wala hakuwahi kumwona. "Anasema hawezi kuingia gizani hajamwona," mke wangu alisema. "Na wewe ndiye mwenye magari."

Magari hayakuwa yangu, ila bosi alitaka mtu akague njia na mahali pa kulala kabla wageni hawajawa wengi, akaniambia nichukue Landrova moja na dereva, niende hata na familia. Nikakosa kisingizio.

Sasa ilibidi nipange safari, na sijawahi kupanga safari ngumu kama ile. Nilianza kwa ratiba yangu ya kawaida. Saanane mama alikataa katakata, kupitia kwa binti yake: ulikuwa mwaka mmoja tu tangu meli izame ziwani na mamia ya watu, mtaani kwetu matanga yalikuwa bado mabichi, na yeye hapandi kitu kinachoelea. Nilimshukuru Mungu kimyakimya. Bujora nayo akaikataa, akasema ni jirani zake, anapita pale akienda misa, na zile ngoma anazijua. Akabaki na simba peke yake.

Kisha ikaja habari ya viti. Mama akae mbele na dereva, ambaye si mkwe wa mtu. Mke wangu katikati. Mimi nyuma kabisa kwenye mizigo, nimeelekea dirisha la nyuma, nitazame tulikotoka. Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. "Yaani unakwenda Serengeti kutazama vumbi," alisema.

"Afadhali vumbi."

Malazi ndiyo yalininyima usingizi. Nyumba za wageni nilizozijua karibu na lango zote zilikuwa na ukumbi mmoja na bafu moja. Ndani ya hifadhi nilisikia kuna mabanda ya kulala yaliyotengana, kila moja na paa lake. Nikamwuliza dereva, nikamwuliza tena, nikachora. Niliwapa mama na binti yake banda la mwisho upande mmoja, nami nikajipa la mwisho upande wa pili, mabanda matupu yakiwa katikati yetu. Choo kilikuwa kimoja, kati ya banda lao na tangi la maji. Tukakubaliana kwamba mimi sitatoka mpaka nikohoe kwanza, ili mama apate nafasi ya kujificha. Niliona nimepanga vizuri sana. Nilikuwa nimetumia akili yangu yote kumkwepa mwanamke mzee, na simba sikumwekea mpango wowote.

Tulikwenda. Nilivuka lango nimefumba macho. Kutwa nzima niliona wanyama wakitokea nyuma ya gari wakiwa wameshapitwa: twiga, nyumbu wengi kama ng'ombe wa mnada, nyati mmoja aliyetukazia macho hadi jasho likanitoka. Mbele nilimsikia mke wangu.

"Mama, pale, kushoto!"

"Wapi?"

"Pale, kwenye mti!"

"Wapi, mwanangu?"

Alikuwa akigeuza kichwa polepole, akitafuta kwa ule ufa wake mdogo, na akifika mnyama ameshaondoka. Hivyo hivyo kutwa. Simba hatukumwona kabisa. Jua lilipoinama dereva alizungukia kila kichaka alichokijua, kisha akazima gari mbele ya mabanda. Kesho yake tulitakiwa kurudisha gari mjini. Nikamsikia mama akisema, kwa Kisukuma, "Basi, nimefika. Inatosha." Alisema kwa upole, na nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu nilitambua kwamba sehemu fulani ya moyo wangu ilikuwa imefurahi kwamba simba hakuonekana.

Sikulala. Kila kijiti kilichovunjika nje nilikihesabu kuwa kifo changu. Kulipoanza kupambazuka nilijivuta hadi mlangoni, nikafungua kidogo tu, nione kama dunia bado ipo.

Mama mkwe alikuwa nje. Alikuwa ametoka peke yake, hakumwamsha binti yake; hakupenda kushikwa mkono kama mtoto. Alikuwa akienda chooni taratibu, akipapasa njia kwa miguu. Nikataka kufunga mlango upesi, kama adabu inavyotaka. Ndipo nikaona chini ya tangi, pale bomba linapovuja, kitu cha rangi ya majani makavu kikinywa maji. Kikainua kichwa.

Alikuwa simba jike. Damu ilinisimama. Nimeandika maneno hayo mara nyingi katika barua za ofisini ili kuwachangamsha wateja, na sikujua kwamba ni kweli, kwamba mtu huhisi kabisa damu imesimama. Mama alikuwa anaendelea kwenda. Simba alikuwa kando ya njia yake, nje ya ule ufa, na kwake yeye upande huo ulikuwa ukuta mtupu.

Dereva alikuwa amelala garini na vioo vimefungwa. Mke wangu alikuwa ndani. Nilifungua mdomo, na koo likafanya lile lililozoea kufanya mbele ya mama mkwe: likakohoa.

Mama akasimama. Akajua ni mkwe. Na kwa kuwa alikuwa mwanamke mwenye adabu zake, akavuta kitenge akajifunika uso, akatoka njiani, akaingia majanini kunipisha. Aliingia upande wa tangi. Akasimama pale amenipa mgongo, ameinama kidogo, akisubiri nipite, na kati yake na yule simba palikuwa na nafasi ya ng'ombe kulala.

Sijui nilitokaje. Nakumbuka nilikuwa nasema "Mama, mama, mama" kwa sauti isiyo yangu, na kila nilivyosema yeye alizidi kujikunja na kusogea mbali nami, kwa heshima. Sikukimbia, si kwa ujasiri, ila miguu ilikataa. Nilitembea kama mtu anayevuka matope. Simba alinitazama. Nilifika, nikanyoosha mkono, na hata pale, hata pale, mkono uliganda hewani mbele ya bega la mama mkwe. Ndipo simba akasimama kwa miguu minne. Nikamshika mama mkono.

Alishtuka kama nimemwunguza. "Mwanangu, unafanya nini?"

"Simba," nikanong'ona. "Usiende. Usikimbie."

Mkono wake ukaacha kuvuta. Nilisikia pumzi yake ikikatika. Alikuwa na hofu. Nilidhani mtu aliyemtaka simba hivyo hana hofu, lakini alikuwa akitetemeka, na mimi natetemeka, tukawa tunatikisana.

"Wapi?" akauliza.

"Hapo."

"Wapi?" Kitenge kilimwanguka. Akageuza kichwa huku, akageuza kule, macho wazi, akitafuta, na kila mara uso wake ulimpita simba. Nilimwona anavyompita. Simba alikuwa ameshaanza kugeuka kuondoka. "Wapi, mwanangu? Simwoni! Wapi?"

Nikaachia mkono wake, nikashika uso. Nilimshika mashavu yote mawili kwa viganja, uso ambao sikuwahi kuutazama, nikaugeuza kidogo kulia na kuushusha, nikaushikilia hapo. Nilikuwa nikilia kwa woga na sikuona haya. Nikahisi mashavu yake yakitulia ghafla ndani ya mikono yangu.

Alitazama. Simba alitembea polepole kando ya tangi, akasimama, akageuka akatutazama sote wawili, nami niliusogeza uso wa mama kumfuata, hatua kwa hatua, mpaka akaingia kwenye majani marefu.

"Amekonda," mama alisema. "Ana maziwa. Ana watoto mahali."

Sikuwa nimeyaona maziwa. Nilikuwa nimeona meno tu.

Dereva aliamka, mke wangu akatoka akipiga kelele, na kukawa na vurugu ambayo siikumbuki vizuri. Nilikaa chini penye vumbi nikatapika. Njiani kurudi nilirudi kwenye mizigo yangu, nikaelekea dirisha la nyuma, na mama akajifunika kitenge chake mbele, kana kwamba hakuna lililotokea. Wazee wa ukoo waliposikia walitaka mbuzi wa kuondoa mkosi. Mbuzi akachinjwa, akaliwa. Kwa majuma kadhaa niliikagua ngozi yangu kila asubuhi nikioga.

Ule ufa ulizibika kabisa kabla ya masika kwisha. Mama akahamia kwetu Igogo, katika chumba cha uani chenye paa lake, na mimi nikaendelea kumsalimu nimegeukia ukuta, maana mbuzi aliliwa kwa tukio lile moja, si kwa mengine. Ilikuwa hivyo mpaka asubuhi binti yetu wa kwanza alipoanza shule. Alitoka ndani amevaa sare mpya, soksi zimepandishwa hadi magotini, akasimama mlangoni kujionyesha. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka wake uani, akigeuza kichwa huku na kule kufuata sauti ya mtoto.

"Mkwe," akaita. Hakuwahi kuniita. "Uko hapo?"

"Nipo, mama."

"Nielekeze."

Mke wangu aliacha kufagia. Nilisogea, nikapiga magoti, nikamshika mashavu, nikaugeuza uso wake taratibu mpaka ukamfikia mtoto pale mlangoni, nikaushikilia. Akatazama kwa muda mrefu, kwa macho yale yasiyoona.

"Sare imempwaya," alisema. Na kweli ilikuwa imempwaya.