Siku Barakoa Ilipomwita Mama

Mimi kutoka nyumbani ni mpaka friji liwe tupu, na hata hapo hulifungua mara ya pili, labda nimekosea. Juzi mama alichoka. "Utaota mizizi kwenye hicho kiti. Nenda hata The Pearl, kule madukani ufukweni, ukaone watu!" Nikaenda nikinung'unika. Na huko, nakwambia, nikaganda: waigizaji wa Kiitaliano walikuwa wakichekesha watu, nyuso zimefunikwa barakoa za ngozi kuanzia paji la uso hadi puani, midomo wazi. Mawazo yakanirudisha darasa la sita, papa hapa Doha.

Mwalimu wetu wa maigizo alikuwa Mwitaliano. Alinipa nafasi ya mtumishi mwenye njaa. Nilipouliza kwa nini mimi, akasema, "Nimekuona ukila." Barakoa ilinuka ngozi na jasho la walionitangulia. Nikaomba maneno ya kukariri, maana sisi tulijua kukariri ndiyo elimu. Akanionyesha karatasi moja nyuma ya pazia: mtumishi anaiba kuku, anakamatwa. Basi! Mengine ujitafutie jukwaani.

Nilitaka kitu kimoja tu: mama acheke. Mama ni muuguzi. Mwaka ule alikosa likizo, akatazama mazishi ya nyanya, mama yake mzazi, kwenye simu, na tangu siku hiyo alisukuma chapati kimyakimya.

Alikuja na sare ya kazini, akaketi nyuma. Niliiba kuku, nikaanguka, nikaingia chini ya meza. Wafilipino, Wahindi, Waarabu, wote hoi kwa kicheko. Mama, wapi! Kisha maneno yakaniishia kabisa. Nikasimama pale, na chini ya ile pua ya ngozi ikatoka sauti isiyo yangu, sauti ya nyanya, mkono kiunoni:

"Wewe msichana! Hao kuku wamejifungia wenyewe?"

"Nimewafungia, mama!" mama akajibu, amesimama wima, kabla hajajua amejibu.

Ukumbi ukalipuka. Mama akacheka mpaka akashika kiti, akacheka huku analia, na mimi ndani ya barakoa nikaogopa, kama niliyefungua mlango bila kujua nani yuko nje.

Mwalimu alirudi kwao. Shule ilihama. Barakoa sijui iliondoka na nani. Mara nyingi mimi hujaribu sauti ile bafuni, lakini hutoka yangu tu.

"Huyo si yeye!" mama hupaza sauti kutoka jikoni. Kisha: "Lakini hebu rudia."