Mvua Ndani ya Stoo

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhifadhi Mkuu wa stoo ya makumbusho ya viumbe ya chuo kikuu, hapa Tukuyu, hakunionyesha mnyama hata mmoja. Alinipeleka chumba cha uani, akafungua sanduku la bati na kuniambia nitege sikio.

"Unasikia nini, kijana wa Bulyaga?"

"Manyunyu, mzee. Kama yanagonga majani ya mgomba."

"Hao ni wadudu wa mifupa. Wanakula."

Ninyi vijana mnaodhani mafuvu ya makumbusho huchemshwa, sivyo. Tulimchuna mnyama, tukakausha ngozi na kuijaza pamba, kisha kichwa tukawapa wadudu hao wadogo weusi. Walikisafisha hadi ndani ya tundu la sikio. Amri ilikuwa moja: wasitoke sandukuni, maana hawachagui nyama ya kutupwa na ngozi ya kutunzwa.

Ngozi tuliyoithamini kuliko zote ilikuwa ya kipunji, kima wa msitu wa Rungwe mwenye shungi kichwani. Tulikuwa naye mmoja tu, aliokotwa amekufa. Kila asubuhi Mhifadhi alivuta droo yake na kumsalimu Kinyakyusa: "Ugonile." Umelalaje.

Asubuhi moja nilikuwa naandika lebo, mvua ikaanza. Mtu wa Tukuyu hashtushwi na mvua. Niliendelea na kazi. Mhifadhi akaingia, mabega makavu.

"Shikamoo mzee. Mvua imekukosakosa."

"Marahaba. Mvua gani? Nje jua linawaka."

Tukatega sikio. Ilikuwa bado inanyesha, upande wa makabati.

Alivuta droo. Kipunji alilala vilevile, shungi limesimama.

"Ugonile," mzee akasema kwa sauti ndogo, akamwinua. Mikononi mwake ilikuja pamba tupu. Manyoya yalibaki kwenye droo, yamelala kwa umbo la kima, na chini yake kitu kilikuwa kinatembea.

Mzee hakumaliza mwaka kazini. Baadaye stoo ikafungwa, nami nikahamahama, Makambako, Singida, Dodoma, nikitafuta miji ya ukame. Mwisho nilirudi, nikajenga Ibighi, hapahapa Tukuyu. Kazi niliiacha, lakini masikio hayajastaafu. Manyunyu yakianza, mimi hutoka kwanza kibarazani na kunyoosha mkono. Mke wangu hucheka: "Mkaguzi wa mvua huyo."

Juzi yalianza tukiwa mezani. Nikatoka.

"Baba Neema, ingia ndani, utalowa," akaniita.

Mkono ulikuwa mkavu. Nikageuka, nikatazama ukutani, ilikotundikwa ngozi ya ng'ombe aliyokuwa akiikalia marehemu baba.