Siku Mama Alipoiinua Kompyuta

Ndani ya sanduku langu la kazi, katikati ya bisibisi na nyaya, kuna raba ya shule, ile ya rangi ya waridi yenye harufu ya stroberi. Wateja wangu hapa Bungoma mjini wakiiona hucheka. Mtu ameniletea kompyuta ya ofisi iliyokataa kuwaka, amevaa tai, anatarajia nitoe mtambo wa ajabu, halafu ananiona nikinusa raba. Wacheke tu. Kompyuta nyingi zimetoka mikononi mwangu zikiwaka kwa sababu ya raba kama hiyo. Na kila nikiinusa narudi Kitale, niko darasa la nne, nimepiga magoti kwenye sakafu ya saruji ya duka la mama, na kisiagi cha jirani kinanguruma upande wa pili wa ukuta.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja karibu na stendi ya magari ya Endebess. Mama alipiga chapa barua, akatoa nakala, akatengeneza kadi za harusi na programu za mazishi. Kompyuta ilikuwa moja tu, ya mezani, yenye kioo kizito kilichofura kisogoni. Mimi niliamini hakuna nyingine kama hiyo duniani, na shuleni sikuchoka kuwaambia wenzangu hivyo.

Juu ya kile kisanduku cha chuma, chenye mitambo yote, kulikuwa na kitambaa. Kama umekulia kwetu huna haja nikueleze. Kwetu kitu chenye heshima huvikwa kitambaa cha kufuma: viti, redio, televisheni, hata chupa ya chai. Kukhu, nyanya yangu wa Misikhu, aliposikia binti yake amenunua kompyuta, hakuuliza inafanya kazi gani. Aliuliza upana wake. Akafuma kitambaa cha sufu nyekundu chenye vishada vilivyoning'inia pande zote, akampa Kuka, babu yangu, amletee. Kikavalishwa kompyuta siku hiyohiyo, na hakuna aliyethubutu kukivua, hata mashine ikiwa inafanya kazi. Kumvua kompyuta nguo ya Kukhu mbele ya Kuka! Nani angeanza?

Kuka alikuja Kitale kutibiwa, akakaa nasi muda mrefu. Mchana aliketi dukani kwenye kiti cha mbao kando ya kompyuta, na wateja wakipungua alimsimulia mama maisha yake, naye mama akayapiga chapa vilevile yalivyotoka mdomoni. Alisimulia zaidi habari za ng'ombe. Alijulikana kwa kuwainua ng'ombe waliolala chini wakakataa kusimama, na watu walikuwa wakimfuata hata kutoka Cheptais. Mara nyingine alieleza kwa mikono, na mama akabaki vidole hewani akimngoja arudi kwenye maneno.

Mama alipewa jina la mama yake Kuka, kwa hiyo Kuka hakumwita jina. Alimwita Mayi, mama, na kumdekea kabisa, akimwomba chai kwa sauti ya mtoto. Mimi nilikuwa nikicheka mpaka nafukuzwa nje.

Mama alitaka kumchapishia zile kurasa ajionee. Kuka akakataa. Alisema habari haijafika mwisho, na yeye si mtu wa kugawa chakula kibichi. Kisha mahindi yakakomaa, akarudi Misikhu kusimamia mavuno, akaahidi kuja tena wamalize. Hakuja. Habari ilikuja bila yeye.

Majirani walijaa nyumbani kulia na mama, wakakuta mama halii. Alijifunga leso kichwani, akawapikia, akasema mazishi ni Jumamosi na maneno yatakayosomwa pale ni ya mzee mwenyewe, tayari anayo. Wanawake wakatazamana. Siku ya Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, alinichukua tukaenda dukani kuyachapisha. Akabonyeza kitufe.

Kioo kikabaki cheusi. Ndani ya kile kisanduku ukatoka mlio mrefu, kimya, kisha mlio mrefu tena. Mama akazima, akawasha. Mlio uleule. Maneno yote ya Kuka yalikuwa humo, na hayakuwa mahali pengine popote, si kwenye karatasi, si kwenye diski. Hilo hata mimi nililijua.

Simu ikalia. Alikuwa mjomba wangu mkubwa, kaka yake mama, akipiga kutoka Misikhu.

"Dada, ile karatasi ya mzee iko tayali? Pasta anauliza, bana. Ama tuandike tu ile kawaida? Alizaliwa, akasoma, akaoa?"

"Usiandike kitu," mama akamwambia. "Ninakuja nayo."

Alimpigia fundi wetu, akaambiwa yuko safarini mpaka wiki ijayo. Akaweka simu chini. Nilimtazama usoni nione kama nianze kulia, maana nilikuwa tayari kabisa. Yeye akavua sweta, akakunja mikono ya blauzi, akaizunguka ile meza polepole, na nikautambua mwendo huo. Ndivyo Kuka alivyomzunguka mnyama.

"Ng'ombe akilala chini, Kuka alikuwa anauliza nini kwanza?" aliniuliza.

"Kama amekula."

"Haya. Angalia kama amekula."

Nikaingia chini ya meza nikaushika waya wa stima. Umekaa sawa. Mama akachomeka taa kwenye soketi ileile, ikawaka. Basi amekula. Akaniuliza la pili, nikajibu kama anapumua. Akaweka kiganja nyuma ya mashine, mahali feni inapotoa upepo, akakaa hivyo akisikiliza.

"Anapumua kidogo sana," alisema. "Na analia. Kuka alikuwa anafurahi ng'ombe akilia, si unakumbuka? Ati bado anatuambia kunauma."

Basi nikaacha wazo la kulia. Kama mama alikuwa anajua, mimi nilikuwa nani niogope? Alichomoa waya ukutani, akakivua kile kitambaa chekundu na kukikunja vizuri, akafungua skrubu za ubavuni. Harufu iliyotoka humo siisahau: vumbi lililoungua, unga wa mahindi, na sufu.

Tulikuta manyoya mekundu kila pahali. Kitambaa cha Kukhu kilikuwa kikipukutisha sufu, feni ikaivuta ndani uzi kwa uzi pamoja na unga wa kile kisiagi, mpaka kifua kizima cha mashine kikaziba. Tulikuwa tumeifunika kwa heshima mpaka tukaikaba koo. Mama alitazama, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie nikamsikia akicheka.

"Kukhu asisikie hii," alisema. "Wewe! Hata siku moja!"

Tukasafisha kwa brashi ya viatu iliyokuwa mpya. Kisha mama akanionyesha kibao chembamba kilichosimama kwenye mfereji wake, kile mafundi hukiita RAM. Alikuwa amewahi kumwona fundi akikisugua meno yake ya dhahabu kwa raba, mashine ilipolia namna ile. Vidole vyake havikupenya vizuri pale. Vyangu vilipenya.

"Kitoe. Usikivute kama jino, visukume kando vishikizo vyake vikiachie. Hivyo. Sasa lete raba."

Raba yangu ilikuwa kwenye mkoba, mpya, ya stroberi, sijamruhusu hata mwenzangu wa dawati kuishika. Niliitoa bila kuulizwa mara mbili. Mama akashika kibao, mimi nikasugua meno yake mpaka weusi ukahamia kwenye raba na dhahabu ikang'aa. Duka zima likanuka matunda. Nikakirudisha kwenye mfereji wake, nikakibana, kikalia tap. Mama akachomeka waya. Akaniambia nibonyeze mimi.

Mlio mmoja, mfupi. Feni ikavuma kwa nguvu. Kioo kikaangaza, maandishi meupe yakapanda mbio.

Niliruka nikagonga kichwa kwenye meza, na sikuhisi kitu. Mama hakuruka. Alikaa, akafungua kurasa za Kuka, akateremka hadi mwisho kabisa. Nilikuwa tayari najua kusoma, nikasoma naye. Alikuwa ameandika kila kitu, hata yasiyokuwa ya habari. Mstari wa mwisho ulisema: "Mayi, hapa tuache kwanza, chai inapoa. Nitakuja tena tumalize."

Mama akalia. Alilia kwa sauti mpaka jirani akazima kisiagi akaja kuchungulia mlangoni. Mimi nikamtuliza jirani yule kwa fahari kubwa, nikamwambia mama analia kwa furaha kwa sababu tumeitengeneza kompyuta. Kule Misikhu nikawaambia hivyohivyo shangazi zangu wote, mmoja baada ya mwingine, na sikuelewa kwa nini walikuwa wakinivuta na kunikumbatia.

Maneno ya Kuka yalisomwa yote Jumamosi ile. Mjomba alitaka kuufuta ule mstari wa chai, ati si wa mazishi, na mama akamwangalia tu mpaka akauacha. Tuliporudi Kitale kitambaa chekundu hakikurudi juu ya kompyuta. Mama alikitandika kwenye kile kiti cha mbao, na wateja walielekezwa kuketi kwenye benchi.

Nilikuja kuelewa nikiwa tayari fundi, nikiona watu wenye tai wakijifuta macho mbele ya kioo kilichowaka. Mama hakuwa mtu asiyejua kulia. Alikuwa na baba yake amelala chini ndani ya kile kisanduku, na kwanza ilibidi amwinue. Siku hizi mtu akiniletea mashine iliyokufa simuulizi ya aina gani. Namuuliza kuna nini ndani. Na ikishawaka humwachia kiti changu, nami nainama kwenye sanduku langu nikitafuta bisibisi ambayo ninayo mkononi.