Bakuli Lililolala Wazi

Dvoshe mjane alikuwa na ulimi mkali, na khreni yake, achari ya mizizi mikali kama pilipili, iliushinda ulimi. Alikuna mizizi ile dirishani, akaichanganya na bitiruti, siki na sukari kidogo, na kila Ijumaa soko la Krasnitz lilimpangia foleni. Nani ale samaki wa Sabato bila khreni? Ilizibua pua, ikasafisha kifua, ikasukuma mafuta tumboni. Majira ya baridi mwenye duka la dawa alimnunia, kwani mafua ya mji yaliishia kwa Dvoshe. Yeye mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona akitoa chozi.

Getsl fundi viatu, mgane, alipomposa mbele ya wateja, kiburi kikamponza Dvoshe.

"Ule kijiko kizima cha khreni usilie, fundi, nami nitakubali. Ukilia, rudi kwa viatu vyako."

"Ijumaa ijayo, Bi Dvoshe."

Neno likishatoka halirudi. Dvoshe alimtaka Getsl, tena sana, lakini mwanamume yule alilia hata kwenye harusi za watu. Basi Alhamisi akafanya jambo ambalo kwa Krasnitz ni wazimu: akaifunika mitungi yote, bakuli moja akaliacha wazi mpaka asubuhi. Khreni ikilala wazi, ukali huenda zake.

Ijumaa watu wakajaa. "Leo tutamjua mwanamume!" akapayuka Pesl muuza samaki.

Getsl akatia kijiko mdomoni. Utamu mtupu! Akamtazama Dvoshe, akaona uso umemwiva, akaelewa. Akibaki na macho makavu anapata mke, lakini Pesl atatangaza hadi Pasaka kwamba khreni ya Dvoshe imekufa, na Dvoshe hana riziki nyingine.

"Uwii! Nakufa! Maji!" Getsl akapiga yowe, na machozi yakaja bila kubembelezwa.

"Kashindwa!" Pesl akacheka, akanyoosha kidole achovye bakulini. Dvoshe akamwahi, akalipokonya, akameza yote iliyobaki. Hapo machozi yakamtiririka na yeye. Alilia kwa aibu na kwa mapenzi, wala hakuyafuta.



"Hata mwenyewe!" Pesl akanong'ona. "Ya leo ni moto wa jehanamu. Nipe mitungi mitatu."

"Mwongo mkubwa wewe," Dvoshe akamwambia Getsl chinichini.

Getsl akapenga kamasi, akapaza sauti. "Tumelia wote wawili, jamani. Hiyo ni sare. Nani anakwenda kumwita rabi atufungishe ndoa?"

"Nenda wewe," akasema Dvoshe. "Mimi nina foleni."