Nyasi za Kipupwe Mbele ya Altare

Kwetu Mgeta, mwezi wa saba baridi inauma mpaka kwenye meno. Wageni wakija kipindi hicho wanasema mlima umekufa, kila kitu kimekauka. Hawana macho. Kipupwe ndicho kinachozipendezesha nyasi zetu. Zile ndefu zinageuka nyekundu kama jembe lenye kutu, nyingine zinatoa manyoya meupe laini, na katikati yake kuna vijiua vya manjano, vikavu kama karatasi, ukivichuma leo mwakani bado vinang'aa. Jua la asubuhi likizipiga na umande juu yake, unasimama na kuni zako kichwani, unasahau ulikuwa unakwenda wapi.

Kwa hiyo mjukuu wangu wa kwanza alipokuwa anaolewa, nikasema altare nitaipamba mimi, kwa nyasi. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Morogoro mjini yalijaa maua ya plastiki, na harusi bila hayo ilionekana ya kimaskini.

Binti yangu, mama wa bibi harusi, akanijia juu.

"Mama, wakwe wanatoka Dar! Watasema tumewawekea malisho ya mbuzi."

"Mbuzi ana akili. Plastiki haigusi."

Bibi harusi mwenyewe akacheka. "Mwacheni apambe. Huyu ni mke mwenzangu, wivu unamsumbua."

Asubuhi ya harusi nikapanda mlimani, nikashuka na mzigo. Nikazipanga kwenye mitungi miwili, huku na huku ya altare. Kanisa likapata rangi ambayo sijaiona tena. Hata binti yangu alikuja kuninyooshea mabua yaliyopinda, na yeye kukubali si kazi ndogo.

Misa ilipoanza, katekista akawasha mishumaa. Ndipo nikaona nilichofanya. Zile zilikuwa nyasi kavu, tunazowashia moto jikoni! Na dirisha la ubavuni lilikuwa wazi. Kila upepo ukiingia, yale manyoya yanainama, yanaunyemelea moto, yanarudi.

Nisimame mbele ya wakwe wote nikahamishe mitungi, padri yuko katikati ya sala? Nikamnong'oneza mdogo wangu aliyekaa kando yangu.

"Kalete ndoo ya maji."

"Kiu gani hiyo ya ndoo nzima?"

"Si kiu. Tutamuunguza bibi harusi."

Akatazama altare, akatoka upesi.

Nikakaa na ndoo katikati ya miguu. Mahubiri sikuyasikia. Wakati wa kiapo nilikuwa nautazama mshumaa wa kulia. Vigelegele vilipopigwa nikaruka nikidhani ni moto, nusura niwamwagie wakwe maji. Mwishoni katekista akaizima mishumaa, mmoja mmoja, na mimi nikaanza kucheka peke yangu kama mlevi.

Nje, mama wa bwana harusi akaja moja kwa moja kwangu.

"Shikamoo, bibi. Maua yale mmenunua duka gani? Naomba niondoke nayo."

"Marahaba. Chukua yote, mama, mitungi tu uniachie. Ila yasikae karibu na taa."

Kisha mjukuu wangu akanishika mkono. "Bibi, ulisikia nilivyomjibu padri? Sauti haikutetemeka hata kidogo."

"Sikusikia chochote."

"Ulisinzia?"

"Nilikuwa nakulinda, nyasi zangu zisikuunguze."

Nilipomwonyesha ndoo, alicheka mpaka shela ikamdondoka. Tukaiokota pamoja, nyeupe, nzima, haina hata harufu ya moshi.