Kifyatulio Alichochagua Rajabu

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa harufu ya mafuta ya bunduki kabla sijaikumbuka kwa kitu kingine chochote. Nilikuwa kijana, kichwa kimejaa sifa. Watu wakiniona leo nimekaa kibarazani hapa Old Kampala na tasbihi mkononi hawaamini kwamba bibi huyu aliwahi kulala kifudifudi uwanjani na kutoboa karatasi ya shabaha katikati. Sisi Wanubi tumezaliwa na wajukuu wa askari; bunduki kwetu haikuwa ajabu. Mimi na mdogo wangu Rajabu tulikuwa wanachama wa klabu ya shabaha, tena klabu yenye vibali vyake vyote. Aliyetufundisha ni Mzee Farajala, mwanajeshi mstaafu, mtu wa maneno machache.

Basi mwanachama mmoja mwenye uwezo akaagiza kutoka ng'ambo vifyatulio vitatu. Kifyatulio ni kile kichuma ambacho kidole hukivuta ili risasi itoke. Kila bunduki huja na cha kwake kutoka kiwandani, lakini wapenda shabaha hawatosheki. Hununua kingine kilicho laini zaidi na kukifunga wenyewe. Yule bwana akasema mimi na Rajabu tuchague, kila mmoja na chake, kwa ajili ya mashindano yaliyokuwa yanakaribia.

Tukaviweka mezani jioni ile, tukavifunga kimoja baada ya kingine kwenye bunduki tupu. Tulikuwa na mizani ndogo ya ndoano, kama ile ya wauza samaki wa soko la Nakasero. Unaitundika kwenye kifyatulio, unavuta taratibu, unasoma uzito pale kinapoachia. Cha kwanza kilikuwa kizito, karibu kilo na nusu, na kiliburuta kidogo kama mlango uliovimba kwa mvua. Cha pili kilikwenda laini, kikakutana na kizuizi kidogo kinachokuambia "sasa", kisha kikakatika kama kijiti kikavu. Hicho nilikipenda, nikakichukua. Cha tatu, mwanangu, kilikuwa chepesi hata mizani ilishindwa kukisema vizuri. Ukifikiria tu kuvuta, kimeshaachia.

Rajabu akakishika hicho cha tatu, macho yakamng'aa. "Dada, hiki ni kama hakipo!"

Nikakijaribu. Nikafunga komeo la bunduki, kile chuma kinachosukuma risasi ndani, kwa nguvu kidogo, nikasikia *ta*. Kidole changu kilikuwa mbali. Nikarudia, *ta* tena. Nikajua pale pale kwamba kile kichuma si cha kuaminiwa.

Sasa sikiliza nilivyosema, kwa maana hapa ndipo ilipo habari yote. Chumba kilikuwa kimejaa vijana wenzetu, na mimi nilipenda kusikilizwa. Nikasema kwa sauti: "Hiki kikigongwa tu kinaachia chenyewe. Kinataka mtu mwenye mkono, si Rajabu anayetetemeka kama bibi harusi!"

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Mmoja akapiga meza: "Banange, jamani! Bibi Harusi!" Tangu jioni ile jina likamganda. Hata Mzee Farajala alitabasamu, kisha akamwambia Rajabu, "Kaza hiyo skrubu ya pembeni, mwanangu, kiwe kizito kidogo." Rajabu akaitikia kwa kichwa. Hakucheka, wala hakunitazama.

Ningemvuta kando nikamwonyesha kwa upole, angekaza ile skrubu. Alikuwa mtoto msikivu. Tangu utotoni alinifuata hadi sokoni akishika upindo wa vazi langu la gomesi. Lakini ukishamwita mtu mwoga mbele ya wenzake, kukubali ushauri wako kunageuka kuwa kukubali kwamba ni mwoga kweli. Nani kati yetu angekubali? Rajabu alikichukua kile cha tatu, na hakuigusa ile skrubu.

Asubuhi ya mashindano kulikuwa na manyunyu. Tulilala kwenye mstari, mimi na yeye bega kwa bega. Mzee Farajala alikuwa amechuchumaa pembeni mwetu, mbele kidogo, na alikuwa amevua miwani ya kinga aifute maji. Rajabu akatia risasi, akasukuma komeo. Vidole vilikuwa na baridi, akalisukuma kwa nguvu. Bunduki ikalia hata kabla hajaiinua. Risasi ikapiga sakafu ya saruji mbele yetu, vipande vikaruka.

Nikamsikia mzee akisema "Ah," kwa sauti ndogo, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Alipoondoa mkono usoni, damu ilikuwa inapita kati ya vidole.

Jicho lile halikupona. Rajabu aliikabidhi bunduki yake siku hiyo hiyo, na hajashika nyingine mpaka leo.

Nilikwenda hospitali kumwona mzee. Nilikuwa nimejiandaa kumtetea ndugu yangu, na ndani ya moyo, Mungu anisamehe, nilikuwa nimejiandaa pia kusema kwamba mimi niliwaonya. Mzee alikuwa amekaa kitandani, nusu ya uso imefungwa bendeji.

"Zainabu," akasema, "ulijua kwamba kile kitu kinaachia chenyewe?"

"Nilijua, Mzee. Na nilisema."

"Nilikusikia. Ulisema ili asikie, au ulisema ili tucheke?"

Nikaanza kunyoosha shuka lake. Mzee akaongeza, "Na mimi nilicheka. Haya, nenda kwa ndugu yako."

Mwanangu, sikwenda. Niliona haya, nikaahirisha. Haya ikazaa kimya, na kimya kikakomaa. Rajabu akahamia Bombo, akafungua karakana ya pikipiki, akaoa, akapata watoto. Tulionana kwenye Idi na kwenye misiba, tukisalimiana kwa adabu kama wakwe. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli. Lakini hawakutuambia, mkuu akilisema kwa kejeli, guu linalovunjika ni la nani.

Mwaka huu, baada ya Idi, alikuja kunisalimia peke yake. Nywele zake zimekuwa nyeupe kuliko zangu. Nikaona kwamba nikingoja tena, mmoja wetu atazikwa na hili jambo. Nikamwambia, "Rajabu, nisamehe kwa habari ya ile bunduki."

Akazungusha kikombe cha chai kwa muda. "Dada," akasema, "ile risasi ni yangu, nilishamwomba mzee radhi akanisamehe kabla hajafa. Sina deni nayo. Lakini kile kicheko bado nakisikia."

Tukakaa. Sikujitetea. Kwa mara ya kwanza nilikaa na maneno yangu mwenyewe kama yeye alivyokaa nayo miaka yote. Alipoondoka alinishika mkono, akaushika kitambo kirefu. Sijui kama huo ni msamaha. Nimeupokea ulivyo.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Ukichagua chombo, usikichague kwa utamu wake ukiwa umetulia mezani. Kichague ukikumbuka siku ya baridi na moyo unaokwenda mbio. Na ukimwona mwenzako amechagua vibaya, mwambie mapema, mwambie faraghani, mwambie kama unamhitaji awe hai kesho. Kweli ikisemwa kwa dharau humfanya mtu aukumbatie uongo ili tu asiaibike. Na ukiwa umeshakosea, nenda siku ile ile, hata kama miguu inakataa.

Mungu akupe jicho la kuona hatari na kinywa cha kuisema kwa huruma. Akupe ndugu wanaokusikia, na akujalie usiwapoteze kwa neno moja. Amina.