Mwaka Baba Alipoanza Kunywa Chai Bila Sukari

Sauti ya utoto wangu ni ya cherehani ya miguu. Baba yangu, Fundi Shabani, alikuwa mshonaji nguo, na cherehani yake ilikaa barazani kwetu Mji Mpya, Morogoro, ikiutazama mlima. Tuliamka nayo, na tukirudi shuleni tuliisikia tangu kona ya mtaa. Ndiyo maana mwaka ule nilipokuwa darasa la nne, kilichonishtua kwanza kilikuwa ukimya. Cherehani ilinguruma kidogo, kisha ikanyamaza. Baba kanyanyuka kwenda chooni. Akirudi anakunywa maji kata nzima, anaketi, anashona nusu ya pindo, ananyanyuka tena. Mteja akija kupimwa, Baba humwacha amesimama mikono juu, futi imemning'inia begani, na yeye hayupo. Hakuweza kutulia, na sisi tuliomzunguka tukaacha kutulia. Mama alidhani ni mawazo, maana mawazo yalikuwepo.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Nilipokuwa mdogo zaidi nilisimama na Mama kwenye foleni ya sukari jua likituchoma, tukarudi na kifuko kidogo kilichofungwa kama dawa. Halafu, kama mtu aliyefungua mlango kwa teke, vitu vikajaa madukani: sukari, siagi, mikate, soda za kila rangi. Mitumba nayo ikamwagwa chini sokoni, na watu waliozoea kumletea Baba vitambaa wakaanza kununua suruali zilizokwisha kushonwa. Akabakiwa na sare za shule na kazi za kupunguza viuno. Siku nzima alikaa barazani akingoja wateja, na kungoja huko kulikwenda na chai. Mdogo wake, Baba mdogo Idi, alikuwa amefungua duka ng'ambo ya barabara, na kila alasiri alivuka na chupa ya soda inayotoka jasho. "Kaka, poza koo," alimwambia. Baba hakukataa hata mara moja. Kwa watu waliokaa miaka bila sukari, kumpa mtu kitu kitamu kulikuwa ndiyo kumheshimu. Chai yetu nyumbani ilikuwa tamu hadi midomo inanata.

Baadaye yakafuata macho. "Rehema, njoo unitungie uzi," aliniita, na mwanzoni nilijiona mtu mkubwa. Alinunua miwani sokoni. Wiki moja ilimsaidia, wiki iliyofuata haikumfaa kitu. Alinishonea shati jipya la shule, kola ikaenda upande, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Siku moja jirani alileta kitambaa cha suti ya harusi ya mwanawe. Baba alikikata kwa mkasi wake mkubwa, na mguu mmoja wa suruali ukatoka mfupi kuliko mwenzake. Jirani hakupiga kelele. Alivikunja vile vipande taratibu, akaviweka kwapani, akaenda kwa fundi mwingine. Ingekuwa afadhali angetukana. Baba alibaki amekaa, mkono mmoja juu ya cherehani, na kesho yake asubuhi Mama akampeleka hospitali, nami nikiwa nimebeba chupa ya maji kwa sababu hakuweza kufika mbali bila kunywa.

Daktari alikuwa mama mmoja mpole, lakini hakupamba maneno. "Mzee, sukari yako imepanda sana. Macho yako hayasumbuliwi na uzee. Ni hiyo sukari."

"Nitaona tena?" Baba aliuliza. Hakuuliza kama atapona.

"Ukiishusha mapema, inawezekana. Ukiiacha, siwezi kukuahidi." Akampa vidonge, akamweleza na chakula: apunguze wali na ugali wa sembe, ale mboga na maharage kwa wingi, vinywaji vitamu aviache kabisa, na atembee. "Kazi yako ni ya kukaa," alisema. "Miguu inayokanyaga cherehani haijatembea, Mzee."

Kwa majuma machache Baba alijaribu peke yake. Mama alimpikia kasufuria kake, dona kidogo na mchicha, nasi tukala wali wetu pembeni yake, nazi ikinukia. Alikuwa mkali kwa kila kitu. Aliingia ndani, akatoka, akahamisha kiti, akakirudisha, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ikaja sikukuu ya Idi, na sikukuu ikamshinda. Alitoka kwa mdogo wake amekula biriani na kaimati, na soda sijui ngapi juu yake. Kesho yake hakuinuka. Midomo ilikuwa imekauka, na niliposimama mlangoni aliniita kwa jina la mdogo wangu, Saidi. Nikamwambia ni mimi. Akanitazama sana, kisha akageukia ukutani.

Walimrudisha hospitali, akalazwa siku kadhaa. Alipotoka, Mama alichukua kopo letu la sukari, akavuka barabara, akalitua juu ya kaunta ya Baba mdogo Idi.

"Shemeji, hii irudi dukani. Na soda zako zikae huku huku."

Baba mdogo Idi alikaribia kulia. "Lakini shemeji, mimi nampenda kaka yangu."

"Najua. Mpende kwa maji."

Akarudi nyumbani, akatutangazia kuwa kuanzia siku ile chakula ni kimoja kwa wote. Tukaanza kula dona, kisamvu, mlenda, maharage, dagaa; wali ukawa wa siku moja moja, na wa kipimo; uji ukanywewa bila sukari, kwa ndimu tu. Saidi aligoma, akalia, akala. Mimi nilinung'unika chini chini. Aliyenung'unika kuliko wote ni Baba. "Chai hii haina adabu," alisema kila asubuhi, akaikunjia uso, akaimaliza. Nasi tukacheka, kwa sababu yetu pia haikuwa na adabu.

Baada ya sala ya alfajiri alianza kupanda kwenda shamba la Mama, kule Bigwa mlima unapoanzia. Baba mdogo Idi, asiye na mgonjwa wa kumletea soda tena, akaanza kufuatana naye kabla ya kufungua duka, akihema kuliko mgonjwa mwenyewe. Siku zisizo za shule nilikwenda nao. Baba alitembea kama mtu aliyechelewa basi. Tuliwapisha akina mama wanaoteremsha matenga ya mboga kutoka juu, shikamoo zikipishana njiani, umande ukitulowesha magoti. Asubuhi moja, nikiwa nimevaa lile shati langu la shule kwa sababu mengine yalikuwa yamefuliwa, Baba alisimama ghafla, akanigeuza nimtazame.

"Nani kakushonea kola hiyo?"

Nikamtazama Baba mdogo Idi. Akatazama chini.

"Si inaenda upande! Fundi gani huyo?"

"Wewe, Baba."

Akaishika ile kola kwa vidole viwili, akaifuata mshono kwa mshono hadi mwisho. Kisha akaketi juu ya jiwe, akacheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Baba mdogo Idi akalia waziwazi pale njiani watu wakipita.

Sukari haikumwacha moja kwa moja. Vidonge alivimeza maisha yake yote, na zipo siku ilipanda ikatutia hofu. Lakini alishona hadi uzeeni, na aliona hadi mwisho.

Sasa ni zamu yangu. Mwaka jana daktari aliniambia maneno yale yale, katika mji ule ule. Nina kimashine cha kujipima nyumbani, kitu ambacho Baba hakukiota. Ofisini kwetu hakuna kikao bila soda, na bodaboda inanifikisha hadi mlangoni nisipojikaza. Nyumbani kila mtu ana chakula chake: wanangu chipsi, mume wangu wali wake, mimi sahani yangu ya mboga ambayo wote wananisifia na hakuna anayeigusa. Hawanionei. Wanadhani kuniachia chakula changu ndiko kunisaidia. Basi namaliza haraka, nanyanyuka, nazunguka nyumba, naufuata uzio hadi getini na kurudi. Ndani nawasikia wakiongea na kucheka. Baba alikunywa chai mbaya miaka mingi, lakini hakuna asubuhi aliyoinywa bila watu wa kunung'unika naye.